Lufu, Neno la Herufi Nne

Ngoie mwanangu,

Umekwenda Kampemba kuwaaga shangazi zako, na nyumbani tumebaki mimi na nkambo wako, yaani mama yangu, tu. Mama yako yuko sokoni anakutafutia samaki wakavu wa kubeba, ingawa nimemwambia kwamba huko uendako samaki hawakosekani. Nimeona niandike sasa, jua likiwa bado juu, kwa sababu kesho kutakuwa na mizigo na watu, na mimi nikizungukwa na watu husema mambo ya ovyo.

Utacheka kuona nakuandikia Kiswahili cha kitabu. Humu ndani tunasema chetu, na ni wewe uliyeniambia ukiwa mdogo kwamba baba akianza kusema "watu" badala ya "bantu", basi amekasirika. Sijakasirika. Mkono wangu ulizoea ubao wa darasani, na nikishika kalamu haujui kwenda njia nyingine.

Sitakuandikia juu ya pasipoti, wala baridi, wala namna ya kuficha franga zako. Hayo mama yako ameyasema na atayarudia njia nzima mpaka uwanja wa ndege. Nakuandikia juu ya yale uliyosema Jumapili mezani. Uliweka kijiko chini ukasema: "Baba, nikifika kule nitatumika kazi, nitainunua ile jina, nitakurudishia." Nkambo wako aliinuka akaingia chumbani kwake na sahani ikiwa bado na chakula. Mimi nikacheka. Kicheko kile kimenikaa rohoni tangu siku ile, kwa maana ulisema kwa moyo wote na hukustahili kuchekwa. Kwa hiyo acha nikueleze jina lile lilitoka wapi na lilikwendaje, kisha utajua kwa nini nakuomba usilinunue.

Baba mudogo wako Kyungu alirudi kutoka Afrika Kusini wakati ambapo kampuni kubwa ya shaba ilikuwa imekwisha kuwaondoa watu wake kazini. Wanaume waliozoea kuamshwa na king'ora cha kiwanda walikuwa wanakaa mbele ya nyumba zao mchana kutwa, wamevaa bado viatu vya kazi. Sisi walimu tulilipwa na wazazi wa wanafunzi, yaani wale waliokuwa na kitu. Kyungu alileta kompyuta chache kuukuu, amezifunga kwa mablanketi kama watoto wagonjwa. Tulipanga chumba cha mbele katika nyumba ya Kambale, yule yule Kambale unayesafiri na mke wake kesho. Alikuwa ametoka Butembo, anauza vitu vya jumla, sabuni na betri na vitenge, na alikuwa na ghala lake komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, nyuma ya soko. Tukaandika CYBER ukutani kwa rangi ya bluu, tukafungua mlango.

Miaka ile kaskazini kulikuwa kunawaka vita. Watu walifika mjini kutoka Mitwaba na kutoka Pweto, kwa miguu, kwa baiskeli, juu ya malori ya makaa. Wengine walikuwa wamevuka ziwa kuingia Zambia. Mume yuko huku, mke yuko kule, na mtoto hajulikani alikimbia na nani. Mimi jambo hili halikuwa geni kwangu. Nikiwa kijana niliwaona majirani zetu wa Kasai wakilala kwenye stesheni juu ya vyombo vyao, wakingoja treni, kwa kuwa walikuwa wameambiwa kwamba hapa si kwao. Nilijua jinsi jamaa inavyopasuka. Sikujua bado kwamba kinachowaumiza watu zaidi ya kupotezana ni kutojua nani alikufa. Walikuja kwenye cyber yetu kuuliza kama mashine inaweza kumwambia ndugu aliye Lusaka kwamba mama amezikwa, asiendelee kumtumia nguo.

Kyungu ndiye aliyewaza kutengeneza ukurasa mmoja kwa ajili yao wote. Litaandikwa jina la marehemu, picha kama ipo, mahali alipofia, nani amebaki, na kilio kinafanyika nyumba gani. Mtu yeyote, popote alipo, afungue aangalie. Tulichokosa kilikuwa jina la kuuita ukurasa huo, na hapo mdogo wangu akanifundisha jambo ambalo sikulipata chuoni: jina la kwenye internet ni moja kwa dunia nzima. Watu wa lugha moja wakilichukua neno, wa lugha nyingine zote wamelikosa.

Nikaanza kumtajia maneno yetu mafupi ajaribu. Moto lilikuwa limekwenda zamani, kwa sababu kwa Wazungu ni pikipiki. Mali limekwenda, ni nchi. Pole, ambalo lingetufaa kuliko yote, limekwenda pia. Neno letu la kumwambia mfiwa, kwa Wafaransa ni ncha ya dunia. Kilio lilikuwa huru. Hakuna lugha nyingine iliyokuwa na haja nalo. Kyungu alitaka tulichukue siku ile ile, na laiti ningemwacha.

Lakini alikuwa ameniambia jambo jingine pia, na hilo ndilo lililonishika. Aliniambia, kama mdogo kwa kaka yake: "Yaya, jina fupi iko kama kiwanja ya karibu na soko. Leo hakuna anayeiangalia, kesho kila muntu anaitaka." Akaeleza kwamba yenye thamani hasa ni ya herufi nne kushuka. Kilio lina herufi tano. Mimi niliyekuwa sijalipwa mwaka mzima nilianza kuhesabu herufi kama mtu anayehesabu mbuzi wake. Nilikaa nikipekua Kiswahili, nikapekua Kifaransa, kisha nikaenda kwenye lugha ya mama yangu, Kiluba, nikakuta neno la herufi nne lenye maana tuliyoitafuta. Lufu. Mauti yenyewe. Kyungu akaliandika, mashine ikajibu kwamba halina mwenyewe.

Tulimwambia nkambo wako kwa furaha, wakati anachambua majani ya sombe. Hakuinua macho. Alisema: "Lufu habaiitake na jina. Ukiiita, itaitika." Wewe unamjua. Hata leo mtu akifa atasema amelala, au ametuacha, au amekwenda mbele. Nilimwambia, kwa upole wa mwalimu unaoudhi kuliko ukali, kwamba ni herufi tu. Akaendelea kuchambua.

Kwa miaka kadhaa lile neno lilifanya kazi njema, na nataka ulijue hilo, kwa sababu ulipokuwa mtoto ulisikia zaidi habari za mwisho wake. Mtu wa Ndola alimkuta baba yake pale, akafika Lubumbashi kabla kilio hakijakwisha. Dada wawili waliokuwa wanaishi mji mmoja, mmoja Katuba na mwingine Ruashi, kila mmoja akidhani mwenzake alifia msituni, walikutana kwa sababu wote wawili waliandika kifo cha mama yao. Kulikuwa na mama mmoja, Mama Mwadi, muuza maharage, aliyekuja kila wiki baada ya misa. Hakujua kusoma. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha mwisho, Kyungu anamfungulia picha ya mwanawe, anaiangalia mpaka roho yake inatulia, kisha anaondoka. Hatukumlipisha kamwe. Mwanawe hakuwa na kaburi linalojulikana. Picha ile ndiyo iliyokuwa mahali pake.

Tukachapisha kadi ndogo. Kyungu alitaka tuweke namba ya simu. Nilikataa. Nilisema namba za simu hapa kwetu zinabadilika kila mara mtandao ukianguka, jina halibadiliki, kwa hiyo jina linatosha. Kadi ikatoka nyeupe na neno moja katikati na ile nukta na mkia wake. Niliiona nzuri sana.

Kisha bei ya shaba ilianguka tena. Ulikuwa na umri wa kuanza shule. Viwanda vya kuyeyushia madini pembezoni mwa mji vilizimwa, wachimbaji wakarudi kutoka machimboni na makoleo mabegani, na matajiri wa mtaa wa Golf wakaanza kuuza magari yao. Wenye kitu sasa walikuwa na internet kwenye simu, na wasio na kitu hawakuwa na cha kulipia dakika. Cyber ilikaa na viti vitupu. Tulikula mara moja kwa siku, na wewe mara mbili. Wakati huo Kambale alikuwa anakwenda Guangzhou kununua bidhaa zake. Kadi yetu ilikuwa imekaa ndani ya pasipoti yake, akiitumia kama alama. Mtu aliyekuwa anamuuzia betri aliiona, akaichukua, akaisoma kwa sauti, akawaita wenzake.

Kambale aliporudi alikuja moja kwa moja kwetu, hata mizigo hajaishusha. Alikaa kwenye kiti cha Mama Mwadi, akatuambia: "Kwabo ile ni neno ya baraka." Alieleza alivyoelezwa yeye. Wachina wana alama zao za kuandikia, lakini kwenye mashine wanaandika kwa herufi hizi hizi zetu, na sauti fupi moja kwao ni neno zima. Lu kwa namna fulani ya kuitamka ni riziki, mshahara wa mtu mkubwa wa mfalme. Fu ni heri, lile neno wanalobandika milangoni mwaka mpya kwa karatasi nyekundu. Jina refu la Kiswahili kwao ni kelele tu. Lakini sauti mbili namna hiyo, ndani ya herufi nne, kuna watu wanaozitafuta kama sisi tunavyotafuta kobalti.

Sikuamini mpaka ujumbe ulipofika kutoka kwa mnunuzi, kupitia Kambale. Bei sitaitaja hapa. Ilitosha Kyungu kununua lori dogo lililotumika na mimi kuweka bati jipya juu ya vichwa vyenu. Mnunuzi alikuwa ameufungua ukurasa wetu, akaona zile nyuso zimepangwa safu kwa safu, akauliza hawa ni nani, na neno hili kwenu maana yake nini. Nilimwomba Kambale amwambie ni jina la ukoo. Niliogopa akijua atakimbia. Kambale ni mtu wa kanisa. Alisema uongo hatasema, ila anaweza kunyamaza pale panaponyamazika. Akamjibu lile swali la kwanza tu: hawa ni watu wa kwetu. La pili alilipita, na mwenzake hakuuliza tena.

Usidhani nkambo wako alipinga. Ndiye aliyefurahi kuliko sisi. Alisema kama kwa wengine neno lile ni baraka, basi walichukue waende nalo mbali, na nyumba yake ipumue. Sisi tuliinakili orodha yote na picha. Kyungu alisema tutafungua ukurasa mwingine kwa jina la kilio, ambalo bado lilikuwa huru, akirudi kutoka safari yake ya kwanza. Mimi sikujua kufanya kazi ile. Nilijua kufundisha tu.

Siku jina lilipobadili mikono nililifungua kwa udadisi. Ukurasa ulikuwa mwekundu, na vipande vya dhahabu vilikuwa vinaanguka kutoka juu bila kukoma. Mchezo wa bahati nasibu. Wiki ile Mama Mwadi alikuja baada ya misa kama kawaida yake. Kyungu alikuwa amekwenda kutengenezesha lori. Nilijaribu kumwonyesha picha ya mwanawe kutoka kwenye nakala, nikashindwa kuifungua. Niliona haya, nikamwambia mashine imeharibika, arudi. Alirudi mara kadhaa. Kisha hakurudi, na nilipomuulizia sokoni niliambiwa alihamia Likasi kwa binti yake.

Kyungu alijaza lori chumvi, sabuni na unga, akaenda Pweto, arudi na samaki. Asubuhi ile alikubeba mabegani kuzunguka uwanja, sijui kama unakumbuka. Nkambo wako alimsindikiza mpaka barabarani. Alimpungia mkono hata baada ya vumbi kumfunika.

Hakurudi. Mwanzoni simu yake iliita bila kupokelewa, baadaye ikawa haipatikani. Huko juu vita vilikuwa vimeamka upya, na madereva waliofanikiwa kushuka walisema barabara ina watu wenye silaha, hawajui zaidi. Nilikwenda kwenye maegesho ya malori mpaka wakanizoea. Nilikwenda kwa padri, nilikwenda ofisini, nilikaa kwenye mabenchi. Watu waliokuwa wanajua kazi yetu ya zamani waliniuliza kwa nini nisiangalie kwenye ule ukurasa wetu. Nkambo wako aliendelea kumwekea chakula chake kwenye bakuli lenye kifuniko. Asubuhi wewe ndiwe uliyekula kile chakula, na hakuna aliyekuambia ni cha nani. Msimu wa mvua ulianza, ukaisha.

Ndipo akaja Mama Kalaba. Alikuwa muuguzi wa zahanati moja ndogo kwenye barabara ya Pweto. Alikuwa amekuja mjini kwa ajili ya dawa, na alitumia siku zake mbili za mapumziko kutembea komini ya Kenya yote, anauliza kila fundi na kila muuza vocha kama wanajua nyumba iliyokuwa cyber ya watu wa lufu. Alinikuta napaka rangi juu ya lile neno CYBER la ukutani, kwa sababu Kambale alikuwa amekipangisha chumba kwa msusi.

Hakukaa. Alisimama na mkoba wake mbele yangu, akaeleza. Kyungu aliletwa zahanati akiwa amepigwa risasi tumboni, na waliompiga walichukua lori, simu, hata viatu. Alikuwa na homa kali. Alikuwa anarudia neno moja tu, lufu, lufu, na wauguzi wakamshika mkono wakimwambia aache kuita mauti, atapona. Walidhani amekata tamaa. Alipokwisha kufa, katika kumvua nguo, waliikuta kadi kwenye mfuko wa ndani wa suruali, ndipo wakajua kwamba alikuwa anawapa anwani.

"Tulitafuta njia ya kubaletea habari," akaniambia. "Tulipanda kwenye kilima kwenye reseau ya simu inashikaka, tukafungua ile jina. Tukaona feza inaanguka sawa mvula. Tukasema pengine tumekosea herufi. Tulirudia, tulirudia. Iko vile vile tu."

Mwanangu, nimefikiri sana juu ya wale watu juu ya kilima, simu moja katikati yao, wanaangalia dhahabu ya mtu wa mbali ikianguka, na maiti ya ndugu yangu inawangoja chini. Sina neno la kuweka hapo. Nimefundisha lugha maisha yangu yote.

Nilimleta Mama Kalaba nyumbani. Nkambo wako alikuwa ndani. Nilikaa chini mbele yake, nikaanza kusema kwamba Kyungu amepumzika, kwamba ametutangulia, nikizunguka zunguka kama alivyonilea. Akanikatiza. "Sema na mudomo yako. Sema vile iko." Nikasema. Nililitumia lile neno la Kiluba, kwa sauti, mara moja. Hakulia wakati ule. Alimgeukia mgeni akauliza nani alimuosha mtoto wake. Mama Kalaba akajibu: "Ni mie." Nkambo wako akaichukua mikono ya yule mwanamke, yote miwili, akaiweka juu ya mapaja yake, na hakuiachilia mpaka giza lilipoingia na majirani wakaanza kufika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kulikuwa na kilio cha siku nyingi bila maiti, na wewe ulilala kwa shangazi zako ndiyo maana hukuyaona haya.

Sasa nirudi kwenye neno lako la Jumapili. Kambale, ambaye hasahau, ameendelea kuuliza habari za lile jina kila akienda. Ule mchezo wa bahati ulifungwa. Jina likauzwa kwa mwingine, na huyo akamuuzia mwingine tena. Leo ukilifungua huoni nyuso na huoni dhahabu. Unaona ukurasa mweupe unaosema kwamba jina hili linauzwa. Mwenyewe analishikilia anangoja lipande. Hamhitaji Mchina wala Muluba. Kwake halisemi kitu kwa lugha yoyote, ni fupi tu, basi. Ukijiua kwa kazi miaka kadhaa ukampa alichokitaka, utaniletea nini? Kyungu hayumo mle. Mama Mwadi hatajua kwamba limerudi. Na wewe utakuwa umeula ujana wako kwa ajili ya herufi nne.

Nilikuwa najilaumu kwa kulichagua, kisha nikajilaumu kwa kuliuza, kisha kwa ile kadi isiyo na namba. La kadi bado nalibeba. Kwa hayo mawili mengine nimechoka kujihukumu, kwa sababu yale mabati yaliwafunika mvua, na watu wa Ndola na Ruashi walipata watu wao. Jambo moja ndilo ninaloliona wazi sasa nikiangalia nyuma. Neno kilio hakuna aliyelitaka duniani ila sisi. Lingebaki mikononi mwetu mpaka leo, halina bei, na wale wauguzi wangenipata siku ile ile. Mimi nilitafuta neno ambalo na wengine wangelitaka, nikalipata, na wakalitaka.

Unakwenda kujifunza lugha ya Wachina, na Mama Kavira, mke wa Kambale, atakuweka katikati yake na wauzaji, uwe mdomo wake. Watakupenda ukiwaletea maneno matamu. Kuna siku neno litakuwa na sura mbili, nzuri upande mmoja na mbaya upande wa pili, na kila aliye mezani atakuwa anakuangalia, anataka nzuri. Sikuamuru. Nakumbuka tu uso wa Kambale alipokuwa ananyamaza kwa ajili yangu. Alikonda wiki ile. Sasa naye nyumba yao ya biashara kule kwao kaskazini imekwama kwa vita, mabenki ya Goma yamefungwa, ndugu zake wametawanyika, na hajui nani yuko hai. Juzi aliniuliza kama ile orodha yetu ya zamani ningeweza kuifungua tena, kwa ajili ya watu wake. Nimemwambia nitajaribu. Msusi amekubali kutupa kona moja ya chumba. Nimemwomba kijana wa jirani anifundishe, na namba yangu ya simu itakuwa juu ya kila karatasi.

Wewe kaa huko usome. Ukiona neno letu limeandikwa kwenye mlango wa mtu kwa karatasi nyekundu, usimwambie ni nini kwetu. Mwachie heri yake. Na siku habari mbaya ikitoka huku kwenda kwako, maana itatoka, hatutakuandikia. Nimekwisha kupatana na Mama Kavira. Atakuja yeye mwenyewe, atagonga, atakaa kitandani kwako, atakuambia kwa mdomo wake, kwa Kiswahili.

Nasikia pikipiki, labda ni wewe. Neno la mwisho ni la nkambo wako. Amesema kesho hataamka kukuaga. Anasema alimpungia mkono mtoto wake mmoja, na mkono huo haujapumzika tangu siku ile. Usimgongee mlango, usimlazimishe. Lakini ukipita chini ya dirisha lake na sanduku lako, kohoa kidogo, ajue ni wewe unayepita.

Baba yako